Mgao Umekatwa, Ufagio Uletwe

Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa ya serikali. Kwenye makaratasi, serikali humlipia shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge peupe kwamba Hazina haiziwezi hizo, zake ni kama 16,900. Haikupita muda wakubwa wenzake wakasema la, elimu ingali bure, wazazi tulieni. Mimi nikatulia. Aliyeshindwa kutulia ni mwalimu mkuu.

Akatuita mkutano. Neno pesa halikumtoka kinywani. Alisema "changamoto" mpaka walio nyuma wakaanza kusinzia. Kisha zikagawiwa karatasi: rimu mbili, tishu, ufagio wa mti mrefu, chakula cha mchana, na kitu kinaitwa motisha. Mzee mmoja akauliza, motisha ya nani? Ya walimu walioajiriwa na bodi, kwa kuwa wa serikali hawatoshi. Mzee akasema hata yeye motisha hana, akaketi.

Mwalimu mkuu simlaumu. Mgao huo wa serikali unatakiwa uje nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Unakuja umechelewa, tena umemegwa, na mahindi aliyokopa yameshaliwa zamani. Wanafunzi wameyasahau. Aliyeyauza hajasahau.

Nikaona hesabu hii ya Hazina nami niijaribu. Mwenye nyumba alipobisha, nikamwambia kwa adabu: mzee, kodi yako iko kwenye bajeti, nia ninayo, ila uwezo wa mwaka huu wa fedha ni robo tatu hivi. Akaniuliza kama nimekunywa.

Na mheshimiwa naye huja na hundi ya basari kubwa kama mlango, watu wanne wameishika, kamera mbele. Tunampigia makofi kwa kutuletea kodi yetu wenyewe! Nilikunja mikono, mama watoto akanifinya: piga makofi wewe, jina la mtoto liko kwenye orodha. Nikapiga.

Rimu nimenunua. Ufagio tumenunua mmoja na jirani, maana wanetu wako shule moja. Mpango ni huu: wangu aingie nao, aandikwe, aurushe nje ya ua, wa jirani auokote, aingie nao, aandikwe naye.