Wikiendi ya bahari Costa Rica: nenda Cahuita na ubaki hapohapo

Wenzetu wanaokuja kusoma Chuo Kikuu cha Amani pale Ciudad Colón, Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi, hawajamaliza hata kupanga nguo kabatini swali ni lilelile, jamani wikiendi twende wapi tukaone bahari. Na kila mtu anawaelekeza Pasifiki, Jacó au Manuel Antonio, eti ni karibu na barabara ni nzuri. Mimi nasema wadogo zangu geukeni upande wa pili, nendeni Karibiani, kuna kamji kadogo kanaitwa Cahuita mkoa wa Limón, na nikisema Cahuita namaanisha Cahuita tu. Siyo ile ratiba ya Jumamosi asubuhi Cahuita, mchana Puerto Viejo, jioni Manzanillo, Jumapili Limón mjini. Siku mbili ni chache na ukizigawa hivyo utakachokijua vizuri ni viti vya basi.

Kuhusu majira, watu wengi hawajui kwamba Karibiani haifuati kalenda ya San José. Mwezi wa tisa na wa kumi huku bondeni San José mvua inapiga kila mchana mpaka unachoka, kule ndo bahari inatulia na jua linawaka, kwa hiyo ukiwa umefika mwezi wa nane huna haja ya kusubiri Desemba. Beba koti la mvua tu, Limón hakuna mwezi unaokauka kabisa.

Usafiri ni basi la kutoka San José kwenda Sixaola, ule mji wa mpakani na Panama, linapita Cahuita na safari ni kama masaa manne hivi mambo yakienda sawa. Mambo kwenda sawa kunategemea barabara namba 32, ile inayokatiza msitu wa Braulio Carrillo, kule milima ikilowa inaporomoka na barabara inafungwa, wakati mwingine masaa mengi. Angalia hali ya barabara kabla ya kutoka, na ondoka Ijumaa asubuhi kama huna kipindi, maana ukungu wa kule juu pamoja na malori ya kontena ya bandari ya Moín, usiku siyo safari ya kumpendekezea mtu.

Sasa kwa nini nang'ang'ania Cahuita. Kwanza chakula, na hapa mtu wa pwani atanielewa haraka. Wali wao na maharage unapikwa kwa tui la nazi, maharage yanachemshwa kwanza yaive, linaingia tui, kitunguu, jani la thaimu, halafu mchele, na juu kabisa inawekwa pilipili moja nzima, wao wanaiita chile panameño ila ukiiona tu unasema hii si ndiyo pilipili mbuzi yetu, na kweli ni jamii hiyohiyo. Haikatwi wala haitobolewi. Inakaa pale juu wali ukiivia mvuke, inatoa harufu bila kutoa moto, na mpishi anaitoa taratibu kwa kijiko kabla ya kupakua, maana ikipasuka sufuria nzima haiwezi kuliwa na watoto. Halafu kuna rondón, samaki kwenye tui zito na mihogo, viazi vikuu, ndizi mbichi na shelisheli, hiyo haipikwi kwa kukurupuka, sehemu nyingi lazima uagize mapema, kwa hiyo ukifika Ijumaa jioni kabla hata ya kwenda kuoga muulize mama wa mgahawa kama Jumamosi atapika.

Na ile nazi ina undugu na sisi kabisa. Utafiti wa vinasaba vya minazi uliotoka 2011 ulionyesha minazi ya upande wa Atlantiki asili yake ni Bahari ya Hindi, Wareno ndio waliibeba wakaipitisha Cape Verde mpaka ikafika Karibiani, wakati ile ya pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati ina asili ya Ufilipino. Nchi moja ndogo, pwani mbili, minazi ya bahari mbili tofauti.

Watu wa pale wengi asili yao Jamaika. Babu zao waliletwa kujenga reli ya San José mpaka Limón, kazi iliyoanza 1871 ikaisha 1890, kisha wakaingia mashamba ya ndizi ya United Fruit, kampuni ya Kimarekani. Mwaka 1934 mkataba wa serikali na kampuni hiyo ukakataza watu weusi kuajiriwa kwenye mashamba mapya ya upande wa Pasifiki, na uraia wengi walikuja kuupata baada ya katiba ya 1949. Wengine walilima kakao, na kakao nayo ikaja kumalizwa na ugonjwa wa monilia miaka ya mwisho ya 1970. Kilichobaki ni bahari, msitu na wageni, yaani sisi.

Ndo maana nasisitiza sana hili la kutoa mchango kwenye geti la hifadhi. Hifadhi ya taifa ya Cahuita ilianza 1970 kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wanaishi, wanalima na kuvua. Septemba 1994 serikali ikapandisha kiingilio cha wageni kwenye hifadhi za taifa mpaka dola 15, wenyeji wakaona biashara inakufa, wakalishika geti la Kelly Creek lililopo mwisho wa mtaa wao na wageni wakawa wanaingia kwa mchango wa hiari. Baadaye serikali ikakubali kusimamia hifadhi pamoja nao, na mpaka leo pale Kelly Creek unatoa ulichonacho. Nikifikiria vijiji vyetu vinavyopakana na mbuga halafu vinatazama magari ya watalii yakipita tu, naliheshimu sana lile geti. Kwa hiyo kuona mtu anapita bila kutoa kitu kwa sababu eti siyo lazima kunaniuma, toa pesa ya maana, angalau ile ambayo ungelipa kwenye geti lingine la hifadhi, la Puerto Vargas, ambako kiingilio kimepangwa.

Njia ya ndani ni kama kilometa 8, bahari mkono wa kushoto, msitu mkono wa kulia, anza asubuhi mapema. Tembea polepole ukiangalia juu, perezoso, yule mnyama mzito wa kujongea anayening'inia mitini, anaonekana kama furushi la majani makavu mpaka ageuze shingo. Tumbili wenye uso mweupe wanafungua mabegi, chakula kifungie vizuri na usiwape. Usishike mti bila kutazama, kuna nyoka mdogo wa njano anaitwa oropel, mzuri kwa macho lakini sumu yake kali. Matumbawe huruhusiwi kuyaogelea bila mwongozaji, tafuta wa palepale mtaani, na bahari yenyewe muulize mwenyeji kabla ya kuingia, mikondo ya kule inavuta hata mwogeleaji mzuri.

Lala kwenye gesti ya wenyeji. Jumapili kula wali wa mchana, ndiyo siku yao ya kuupika, ila tiketi ya kurudi uwe umeikata tangu Jumamosi kwa sababu basi la Jumapili linajaa.