Kila chumba "modern"!

Jamani, hili neno "modern" limenichosha. Juzi dalali kanipeleka Pasua, hapa Moshi, kuona chumba. "Dada, hiki ni modern kabisa." Nafika: dari lina madoa ya maji, choo cha nje cha kuchangia, kipya ni rangi ya ukutani tu, tena bado inashika mkononi. Na hela ya kuonyeshwa nimeshatoa!

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, modo, yaani sasa hivi. Hata Kiingereza cha Shakespeare, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Uingereza aliyefariki 1616, wataalamu wanakihesabu ni "modern", cha awali. Uzuri uko wapi hapo? Na sisi tunalo letu, kisasa, limetokana na sasa. Semeni tu: chumba kimepakwa rangi jana.