Jina omoni, sinia mkononi

Kila inapotajwa USS Harmon, simulizi huishia palepale: manowari ya kwanza ya Marekani kupewa jina la mtu mweusi. Ni kweli. Lakini kuandika jina omoni lilikuwa jambo jepesi kuliko yote ambayo jeshi lile la majini lingeweza kumfanyia Leonard Roy Harmon.

Harmon, mzaliwa wa Cuero, Texas, alijiunga mwaka 1939. Wakati huo mweusi alikuwa na idara moja tu: kuwaandalia maofisa meza, kuwatandikia vitanda na kuwang'arishia viatu. Usiku wa kuamkia 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Pasifiki, meli yake, San Francisco, manowari kubwa ya aina ya kruza, ilikutana na manowari za Japani kwa umbali mdogo mno gizani. Admirali Daniel Callaghan na nahodha wa meli, Cassin Young, wote waliuawa. Harmon alikuwa akiwahamisha majeruhi kuwapeleka wakatibiwe. Risasi zilipomiminika, alimkinga mwenzake kwa mwili wake, akafa yeye. Akatunukiwa Navy Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya jeshi hilo.

Meli yenye jina lake ilishushwa majini Quincy, Massachusetts, 25 Julai 1943, mama yake akiwa mgeni wa heshima, na 31 Agosti ikaanza kazi. Ilikuwa manowari ndogo ya kusindikiza misafara na kuwinda nyambizi, ya aina ya Buckley: urefu mita 93, tani 1,400, mizinga mitatu ya inchi 3. Rafadha zake mbili hazikuungwa na turbini za mvuke kwa gia. Gia za kupunguza mzunguko zilihitaji mashine za kuchonga zilizokuwa adimu vitani, kwa hiyo turbini zilizungusha jenereta, na umeme wake ukazungusha mota. Mtambo ulikuwa mzito, lakini ulitoa nguvu za farasi 12,000 na mwendo wa maili za baharini 23 hivi kwa saa. Nyambizi ya kawaida ya Kijerumani ikiwa juu ya maji ilifika 17. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani amfukuze nani.

Silaha ninayoiona ya maana zaidi ilikaa mbele: Hedgehog, yaani kalunguyeye, kwa safu zake za vyuma vilivyosimama kama miiba. Mabomu ya kina ya kawaida, yale yanayolipuka yakifika kina kilichopangwa, yana udhaifu mkubwa. Sona, chombo kinachomtafuta adui majini kwa sauti, hutazama mbele, kwa hiyo meli ikikaribia kabisa, nyambizi huzama chini ya mwale wa sauti na kupotea. Mabomu huangushwa nyuma, tezini, kwa kukisia, na mlipuko huvuruga maji kwa dakika kadhaa. Hedgehog ilirusha mabomu 24 mita 200 hivi mbele, sona ikiwa bado inamsikia adui, na hayakulipuka mpaka yaguse kitu. Usipolenga vizuri, kimya. Mabaharia wengi hawakuipenda mwanzoni kwa sababu hiyo hiyo, maana kelele humpa mtu moyo hata zisipoua. USS England, ya aina hiyo hiyo ya Buckley, iliwanyamazisha: siku 12 za Mei 1944, nyambizi sita za Kijapani.

Sasa linganisha na USS Mason. Iliingia kazini Machi 1944, mabaharia wake karibu wote weusi, wakiendesha sona, mitambo na mizinga. Jina lake? La Newton Henry Mason, rubani mzungu aliyefia vita vya Bahari ya Matumbawe mwaka 1942. Simdharau rubani. Ila aliyekatazwa mzinga akapewa meli, na waliopewa mizinga wakapewa jina la mwingine.

Mason ilikuwa ya aina ya Evarts, ndogo zaidi, ya dizeli-umeme yenye nguvu za farasi 6,000. Oktoba 1944, ikisindikiza msafara wa matishari na vyombo vidogo vya kuvuta kwenda Uingereza, dhoruba iliipasua sitaha. Meli za kuchomelea zilijengwa haraka kuliko za ribiti, yaani zilizounganishwa kwa misumari ya chuma, lakini ufa ukianza haukuti kiungo cha kuuzuia. Unaweza kukimbia kutoka bamba hadi bamba, na meli ikipanda na kushuka mawimbini, kila wimbi huufungua zaidi. Mafundi wa Mason waliuziba ndani ya saa mbili hivi, ikarudi baharini kusaidia vyombo vilivyobaki.

Kazi hiyo, kwangu, inaniambia zaidi juu ya alichonyimwa Harmon kuliko chupa iliyovunjwa omoni pale Quincy. Nahodha wao, William Blackford, aliomba wapewe barua za pongezi. Zilitoka mwaka 1994.