Hukumu ya Saa ya Baba Mkwe

Nilikuwa nimesoma habari za saa kongwe za mkono kwa majuma matatu na kununua kioo cha kukuzia, mambo yaliyonitosha kujiona mtaalamu, kwa hiyo baba mkwe aliponionyesha Rolex aliyorithi kwa marehemu baba yake, sikungoja kuombwa maoni.

Nilianza kwa mbwembwe. Maandishi ya usoni yalikuwa makali na yamenyooka. Kingo za kasha hazikuwa zimelambwa na msasa wa mafundi. Vitone vya radiamu, ambavyo zamani viling'aa gizani, vilikuwa vimezimika na kugeuka hudhurungi, kama ilivyo ada ya rangi hiyo ikizeeka. Nilikuwa karibu kumpongeza mzee, hadi nilipouona mshale wa sekunde. Haukuteleza. Uliruka mara moja kila sekunde kama wa saa ya betri, ilhali saa nyingi za mtambo za miaka ya 1950 hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kila sekunde, na mshale wake huonekana kama unateleza.

“Baba,” nikasema kwa huzuni ya daktari, “hii imeghushiwa. Ndani mna betri.”

“Mbona nikiivua siku tatu husimama, na nikiivaa huamka?”

“Betri imechoka, Baba. Inahitaji kupumzika.”

Hoja hiyo niliitunga papo hapo, na nakiri kwamba ilinipendeza.

Mzee, ambaye huniheshimu kuliko ninavyostahili, alimpa mjukuu saa ile achezee, naye akaitosa katika ndoo ya maji. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka miaka mingi iliyopita. Jioni kioo kilikuwa na ukungu mzito.

Fundi saa alipoifungua hakukuta betri yoyote. Alikuta mtambo wa Tru-Beat, aina ya Rolex inayojijaza kwa mwendo wa mkono, iliyoundwa makusudi ili mshale uruke kila sekunde. Na mafundi wengi, akaeleza huku akiukausha taratibu, waliing'oa sehemu inayourusha mshale kwa kukosa vipuri, ndiyo maana inayoruka mpaka leo ni adimu mno.

“Nani aliwaambia ni ya betri?” akauliza.

Baba mkwe akajibu kwa upole kwamba ni mtaalamu fulani, naye yumo humu humu dukani. Wakati huo mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nikiikagua kwa makini saa ya ukutani.