Toleo la Kwanza, Bosi Wangu

Jamani, selotepu! Kurasa tatu za kitabu hiki cha mitumba zimechanika, na muungwana mmoja, kwa nia njema kabisa, kazibandika selotepu. Gundi yake inageuka njano, kisha kahawia, inapenya karatasi hadi upande wa pili, halafu plastiki yenyewe inabanduka na kukuachia doa lisilotoka kwa maji wala kwa dua. Mchaniko huo ulihitaji kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga, kitu ambacho ukijuta kesho unakilowesha kinatoka. Na tangazo la muuzaji lilisema "hali nzuri sana". Nzuri kwa nani?

Sisi wakusanyaji wa vitabu vya mitumba ni watu wa heshima zetu. Tunapiga magoti mbele ya maboksi, tunanusa karatasi hadharani, tunahesabu picha na ramani moja moja tukilinganisha na orodha ya mwanzoni, maana kuna mtu huwa anazing'oa akatie fremu. Heshima hiyo inadumu mpaka muuzaji afungue kinywa.

"Toleo la kwanza hilo, bosi wangu."

"La mwaka gani?"

"1958. Si limeandikwa humo? Soma."

Kweli, limeandikwa. Unageuza nyuma, unakuta ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine, na juu yake ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13. ISBN yenyewe imekuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970, ikaenda na tarakimu 10 miaka yote hiyo, na hizo 13 zikaanza rasmi Januari 2007.

"Ndugu yangu, mwaka 1958 mistari hii ilitoka wapi?"

"Watu wa zamani walikuwa wanaona mbali, bosi."

Unavuta pumzi. Unamfungulia ukurasa wa hakimiliki, unamwonyesha mstari wa namba chini kabisa: 10 9 8 7 6 5 4. Unamweleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea kwamba kwa kawaida namba ndogo kuliko zote ndiyo chapa, kwa kuwa kila wakirudia kuchapa wanafuta moja. Hapa iliyobaki ni 4. Chapa ya nne.

"Si ndiyo vizuri? Kimechapwa mara nne, kimekomaa."

"Haya. Koti lake liko wapi?"

"Koti? Kwani kitabu kinasikia baridi?"

"Ile karatasi ya kufunika jalada!"

"Aaa, ile! Nimeitupa. Ilikuwa imechakaa, inakiaibisha kitabu."

Ameitupa! Kwa riwaya nyingi za karne ya 20, karatasi hiyo iliyochakaa inaweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe, tena mara kadhaa, na yeye kaitupa ili kitabu kipendeze! Bei, hata hivyo, haijashuka. Kaiandika kwa kalamu ya wino, ukurasa wa kwanza, akapigia mstari. Penseli ya 2B imemkosea nini?

Halafu kuna wale wanaochomoa kitabu kwenye rafu kwa kukivuta kichwani, mgongo unapasuka pale juu, wanasema kilikuwa kibovu. Sukuma majirani zake ndani kidogo, ukishike kiunoni. Basi.

Na ukishalipa (maana utalipa tu, tunajuana) usikimbilie kukipanga na wenzake. Tazama kama kuna vitundu na unga unga unaodondoka: hao ni viwavi wa mbawakawa wadogo, na wanahama. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, ukamue hewa, uufunge kabisa, kikae kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima. Ukikitoa usiufungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo umande unatua kwenye karatasi na unajikaribishia ukungu. Tena andika juu ya mfuko, kwa herufi kubwa, SI NYAMA. Wapo watu humu nyumbani wanayeyusha kitu bila kukitazama.