Nimekasimiwa Tena

Ofisini siku hizi hakuna anayetumwa kazi. Kutumwa kumepitwa na wakati. Siku hizi unajengewa uwezo. Mimi nimejengewa uwezo hadi mgongo unauma.

Bosi wetu ni fundi wa lugha hii. Akisema "naomba ulisimamie hili", ujue yeye hajalisoma. "Una uhuru wote wa kuamua" maana yake amua, halafu uje kuulizwa kwa nini hukumshirikisha. "Tuliangalie kwa pamoja" ni wewe uliangalie, yeye akuangalie wewe. Na likitoka lile la "nakuamini sana", ndugu yangu, wikiendi yako imekwenda na maji.

Nisieleweke vibaya, kukasimu kwenyewe hakuna ubaya. Kanuni yake iko wazi: unampa mtu kazi, unampa na mamlaka ya kuifanya, na matokeo yanabaki kuwa wajibu wako wewe uliyekasimu. Ikiharibika, wewe ndiye unayejibu kwa wakubwa. Kwetu mambo ni kichwa chini miguu juu. Kazi inahama, lawama zinahama, mamlaka yanabaki kwenye droo pamoja na mhuri, na ufunguo kaondoka nao. Juzi nimekasimiwa ununuzi wa kiti. Kiti kimoja! Uhuru wote ninao. Nikaandika dokezo, likataka sahihi yake. Namtafuta, naambiwa yuko semina. Semina ya nini? Ya kukasimu madaraka. Na kiti chenyewe kilichovunjika ndicho ninachokalia mimi, kwa hiyo wiki nzima nafanya kazi nimeinamia kushoto.

Huko semina akarudi na jedwali la RACI. Kwa asiyelijua, kila kazi inaandikiwa nani anaitekeleza, nani anawajibika nayo, nani ashauriwe, na nani aarifiwe tu. Tena wanaolijua wanasisitiza kwamba mwenye kuwajibika awe mtu mmoja, watu wasije wakatupiana mpira. Jambo zuri kabisa. Tukafunguliwa letu ukutani. Safu ya utekelezaji: mimi, mimi, mimi, na pale chini jina limekosewa herufi lakini ni mimi. Safu ya kuwajibika: "Timu". Yeye mwenyewe kajipanga kwenye wa kuarifiwa, kama jirani anayeletewa habari za msiba.

Kisha kuna habari ya tumbili. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, William Oncken na Donald Wass, waliandika katika Harvard Business Review kwamba kila kazi ni tumbili aliyekaa begani kwa mtu, na meneja asipoangalia, wafanyakazi watamhamishia wa kwao wote. Bosi kalisikia hilo, kalishika kwa mikono miwili. Ukimsogelea na swali anaruka nyuma: "Usiniletee matatizo, niletee suluhisho!" Sasa mwenye suluhisho atakufuata wewe akitafuta nini? Na hao tumbili nilionao begani, mbona nilipowapokea walikuwa wananukia manukato yake? Wahenga walishasema kuhusu nyani na kundule, mimi simo.

Ripoti ya robo mwaka, kwa mfano. Nimeandika yote mwenyewe, usiku, nyumbani, kwa umeme wangu. Kaipitia, kahamisha mkato mmoja kutoka hapa kwenda pale, kasema sasa imekaa sawa. Wiki ijayo inakwenda kwa bodi. Atawasilisha yeye, eti bodi inapenda kumsikia mwenye kazi.

Mimi nimekasimiwa kubonyeza slaidi.