Elfu kumi na tano kila asubuhi

Kwenye kikao kimoja cha harusi huko Nyakato, Mwanza, ahadi za michango zilipokwisha kusomwa, maneno yalihamia kwenye jambo lisilokuwa kwenye ajenda. Kaka mmoja, mfanyakazi wa mgodini upande wa Geita, alisema mkewe hajawahi kuiona hati yake ya mshahara na hataiona. "Hela ya matumizi naacha. Hawajawahi kulala njaa. Kuna kingine?" Wanaume wengi waliitikia kwa vichwa. Mama aliyekuwa akigawa soda akamjibu huku amesimama: "Shemeji, kula anakula. Anapanga nini?"

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mjadala huu huendeshwa kana kwamba mama wa nyumbani anataka kushika hela ya mtu mwingine. Mara nyingi anachotaka ni kuujua mwezi kabla haujaanza.

Niseme mapema ni nyumba zipi nazizungumzia. Mvuvi, dereva wa bodaboda na muuza mitumba hupata kwa siku, na kuacha matumizi kwa siku ndivyo kazi yao ilivyo. Nazungumzia nyumba za Buswelu, Nyegezi au Isamilo ambako kuna mshahara mmoja, wa kutosha, unaoingia kwa tarehe inayojulikana. Mshahara huo ukifika mlangoni mwa nyumba unageuzwa kuwa ujira wa kibarua: elfu kumi na tano juu ya meza kila asubuhi, au kwenye simu kwa yule aliye kazini ng'ambo ya ziwa.

Wanaume wenye msimamo huu wana hofu za kweli. Ya kwanza ni ndugu. Mshahara ukijulikana ndani, kesho unajulikana kwa mama mkwe, kwa wifi, hadi kijijini, na kila msiba na kila ada ya mpwa itakuja ikiwa imeshapigiwa hesabu. Ya pili ni mikopo. Mwanza tumeona nyumba zilizotolewa friji na makochi kwa sababu mama alichukua kausha damu, ule mkopo wa haraka wenye riba kubwa na marejesho ya kila siku, bila mumewe kujua. Mwanaume aliyerudi likizo akakuta sebule tupu hawezi kuambiwa kwamba ana wivu na hela yake. Na ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: aliyetafuta ndiye anayejua uchungu wa kutafuta. Sheria yenyewe haiko mbali naye. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kuoana peke yake hakuigeuzi mali ya mmoja kuwa ya wote wawili.

Hofu hizo nazikubali. Ninachobisha ni dawa yake, na nitaanza na hesabu, kwa sababu hapo ndipo usiri unapomuumiza yule yule anayeutunza.

Tuchukue mshahara wa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, wote ukiwa mshahara wa msingi, kwa mtu wa sekta binafsi aliyesoma kwa mkopo wa serikali. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa serikali kilipandishwa hadi 500,000 Julai 2025, kwa hiyo huyu yuko mahali pazuri. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 200,000. Kwenye 1,800,000 zinazobaki inakatwa kodi: 128,000 kwa milioni ya kwanza, halafu asilimia 30 ya 800,000 za juu yake, ambazo ni 240,000. Jumla ya kodi 368,000. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000 nyingine. Kinachoingia benki ni 1,132,000.

Sasa rudi jikoni. Mke aliwahi kusikia, siku ile mume alipopata kazi na watu wakampongeza, kwamba ni "milioni mbili". Hakuonyeshwa tena kitu. Yeye anapokea elfu kumi na tano kwa siku, 450,000 kwa mwezi. Machoni pake hiyo haifiki hata robo, na milioni moja na nusu haijulikani inalala wapi. Machoni pa mume hiyo hiyo 450,000 ni karibu asilimia 40 ya alichokiona kwenye akaunti, na zinazobaki 682,000 zina ada, kodi ya nyumba, nauli za kwenda na kurudi kazini, mama kijijini na tofali za kiwanja. Wote wawili wanasema kweli. Mume anajiona anajitoa, mke anajiona anafichwa, na ugomvi wa aina hii hauponi kwa kuongeza elfu mbili mezani. Karatasi moja ingeumaliza. Nimeona watu wakigombana miaka juu ya 868,000 ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzishika, kwa kuwa zilikatwa kabla mshahara haujafika.

Hasara nyingine ni ya bei, na hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Hela ya siku hununua kwa bei ya siku. Mafuta ni ya kupima, sabuni ni kipande badala ya mche, mkaa ni wa ndoo badala ya gunia. Gesi ikiisha tarehe 18, mtungi haujazwi kwa elfu kumi na tano ambayo pia inatakiwa ilishe watu sita, kwa hiyo mama anarudi kwenye mkaa wa ndoo hadi mwezi uishe, na jioni anaulizwa kwa nini sufuria zimekuwa nyeusi.

Chukua dagaa, maana hatuwezi kuzungumzia chakula cha Mwanza tukawaacha. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi hata taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti kitu. Mitumbwi mingi hupumzika mpaka giza lirudi. Kila mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anaijua kalenda hiyo. Mzigo ukiwa mwingi bei hushuka, mbalamwezi ikikaa bei hupanda, na mvua zikinyesha mfululizo ni shida nyingine, kwa sababu dagaa wasiokauka vizuri hawatunziki. Mama mwenye hela ya mwezi huenda Kirumba wakati wa giza, ananunua dagaa wakavu wa kutosha, anawachambua, anawaanika tena uani na kuwafungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mbalamwezi ikifika yeye hana habari na bei. Mama wa elfu kumi na tano anaijua kalenda ile ile, pengine vizuri zaidi, lakini ananunua kila siku kwa bei ya siku hiyo. Mchele ni hivyo hivyo: mpunga wa Magu, Misungwi na Sengerema ukishavunwa katikati ya mwaka, anayeweza kununua gunia anajipunguzia makali ya Januari. Maarifa anayo. Tumemnyima nafasi ya kuyatumia, kisha tunamwita mtu asiyejua kupanga.

Kuhusu kausha damu, naona wanaume tumeisoma hadithi kutoka mwisho. Wapo wanawake waliopewa hela yote wakaitawanya kwenye mikopo na mashindano ya sare za sherehe. Nawafahamu, na mume wa mwanamke wa namna hiyo ana haki ya kukaza mkono. Lakini mtu asiye na akiba ya hata wiki moja, mtoto akaugua usiku na baba yuko zamu, atakopa wapi? Anakopa kwa anayetoa laki moja saa hiyo hiyo bila maswali. Halafu marejesho ya kila siku yanatoka kwenye ile elfu kumi na tano, chakula kinapungua, anakopa tena ili kufidia. Mkopo wa kila siku umemkuta mtu wa hela ya kila siku. Kikoba cha mtaani, chenye wanachama wanaofahamiana, kinataka hisa za wiki au za mwezi na mtu mwenye uhakika, na uhakika ndio asionao.

Sheria ya Ndoa niliyoitaja ina upande mwingine. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kulingana na uwezo wake: sasa atajuaje kama anatunzwa kulingana na uwezo asiouona? Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wanaotetea wake wa nyumbani hupenda kuishia hapo. Shauri hilo hilo lilimalizika vibaya kwa mke, kwani mahakama iliona kuna fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia akazitapanya, na hilo likaula mchango wake. Kwangu mimi hukumu ile inabeba yote mawili: kazi ya jikoni ina thamani ya fedha, na anayeaminiwa na fedha atadaiwa hesabu. Lakini hesabu hudaiwa kwa aliyekabidhiwa. Huwezi kumdai mtu hesabu ya mwezi wakati umemkabidhi asubuhi tu.

Kwa hiyo naegemea wapi, nadhani imeshaonekana. Hati ya mshahara ionekane na wote wawili. Hela ya chakula na ya nyumba itoke mara moja, au mara mbili kwa mwezi kwa wale wanaoanza kuaminiana upya baada ya mkopo wa siri. Fungu la ndugu liandikwe kwa kiasi, kwa pande zote mbili, likiisha limeisha. Hilo linamlinda mume dhidi ya wale ndugu anaowahofia kuliko usiri wowote, maana mke anayejua kwamba kimebaki elfu ishirini ndiye atakayemjibu wifi kwa upole na kwa uhakika. Na liwepo fungu la mama mwenyewe, hata likiwa dogo, asiloulizwa. Mtu anayeomba hela ya kusuka nywele kwa mumewe, mbele ya watoto, baada ya miaka kumi ya kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anaumia kwa namna ambayo hawezi kuieleza kikaoni.

Yule kaka wa mgodini siku hizi anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na hapangi tena foleni ya kivuko. Mara ya mwisho tulipoonana aliniambia sasa anatuma hela ya chakula ya wiki mbili kwa mkupuo. Hati bado hajaonyesha. Nikamuuliza yule kaka: mkeo alisemaje siku ya kwanza alipoipokea? Akasema hakusema kitu, alimuuliza tu kama ana hakika hataidai kesho yake, na asubuhi alikuwa ameshaondoka kwenda Kirumba.